Hatukusubiri dawa ya UKIMWI, kwa nini tusubiri ya kusahau?

Mwaka 1987, mjini Kampala, watu wachache walioguswa na UKIMWI walianza kukutana wakiongozwa na Noerine Kaleeba, mama aliyekuwa amefiwa na mumewe kwa ugonjwa huo Januari ya mwaka huohuo. Dawa hawakuwa nayo. Dawa za kufubaza makali ya virusi zilikuja kuwafikia wananchi wa kawaida wa Afrika Mashariki zaidi ya miaka 15 baadaye. Walichokuwa nacho ni wao kwa wao, na ujasiri wa kusema kwa sauti jambo ambalo mitaani lilikuwa likisemwa kwa kunong'ona. Mikutano ile ndiyo iliyozaa TASO, shirika ambalo leo linajulikana duniani kote, na miaka miwili baadaye Tanzania ikapata WAMATA, iliyoasisiwa na Theresa Kaijage. Madaktari wengi wa wakati ule wangeweza kuuliza, tena kwa haki, kukutana na kuzungumza kunamsaidia nini mtu mwenye ugonjwa usio na tiba. Jibu lilionekana kwa matendo: wagonjwa waliacha kufia vyumba vya uani, familia zilijifunza kumhudumia mtu bila kumkimbia, na dawa zilipowasili hatimaye, zilikuta washauri waliokwisha kufunzwa na majirani waliokwisha kuzoea kuliongelea jambo lenyewe.

Nayakumbusha haya kwa sababu tunao ugonjwa mwingine ambao hauna tiba, unaofichwa vyumbani, na ambao tunaushughulikia kana kwamba hatukujifunza lolote katika miaka ile. Ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ambao wataalamu wanauita demensia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi nao, na kila mwaka watu wapya karibu milioni 10 wanaupata. Zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kwa hiyo anayedhani haya ni maradhi ya Wazungu wanaoishi mpaka miaka 100 anakosea. Nasi tunazo takwimu zetu. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yakaonyesha kuwa takriban 6.4 kati ya kila 100 walikuwa na demensia. Hoja yangu katika makala haya ni moja: kila kata, shehia na mtaa wenye wazee unahitaji kikundi ambamo watu wanaopoteza kumbukumbu wanakutana mara kwa mara, wao wenyewe pamoja na wanaowaangalia, na hakuna sababu ya msingi ya kusubiri daktari bingwa, jengo au mfadhili ndipo tuanze.

Tutazame kwanza ugonjwa unavyoingia nyumbani. Mzee anauliza swali moja mara nne kabla chai haijapoa. Anaacha sufuria jikoni mpaka inaungua. Anakwenda dukani kwa njia aliyoipita miaka thelathini, na kurudi kunamshinda. Watoto wanacheka kidogo, kisha wanakasirika, kisha wanaogopa. Utafiti wa mahojiano uliofanywa na Declare Mushi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, ulikuta kwamba kijijini Tanzania hali hii inaonekana na wengi kuwa sehemu ya kawaida ya uzee, na ikionekana hivyo hakuna anayepelekwa zahanati. Kinachofuata kinafanyika polepole, na mara nyingi kwa nia njema. Mama hapelekwi tena kwenye harusi kwa sababu atawauliza watu majina yao. Baba haendi tena kwenye kikao cha ukoo kwa sababu mara iliyopita alizungumza mambo ya mwaka 1974 kana kwamba ni ya jana. Msikitini wanamwona Ijumaa moja, wanamkosa tatu. Mwishowe anabaki na kiti, ukuta, na binti mmoja aliyechoka.

Upweke huo wenyewe unaendelea kumdhuru. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilieleza mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani inahusishwa na mambo 14 yanayoweza kupunguzwa, na kutengwa na watu ni mojawapo, likikadiriwa kuchangia asilimia 5. Katika orodha hiyo yamo pia shinikizo la damu, kisukari, kutosikia vizuri, kutoona vizuri na sonona. Ni mambo yanayotuzunguka kila siku. Tunapomfungia ndani mtu aliyeanza kusahau, kwa kumhurumia au kwa kumwonea aibu, tunamwongezea kimojawapo cha vitu ambavyo ubongo wake ulipaswa kuepushwa navyo. Hapo ndipo kikundi kinapoanza kuwa jambo la afya, na anayekiona kuwa burudani ya wazee tu hajaisoma orodha hiyo.

Wenzetu walioanza zamani wametuachia mifano miwili inayofaa kusomwa kwa makini. Mwanasaikolojia Mholanzi Bère Miesen alianzisha mwaka 1997, katika mji wa Leiden, mkutano wa mara moja kwa mwezi ambapo wagonjwa, wenzi wao, watoto wao na wataalamu walikaa meza moja wakiwa na vinywaji na muziki. Mtu mmoja anatoa mada fupi, watu wanapumzika na kuongea, kisha maswali yanaulizwa hadharani. Miesen alikuwa amegundua kuwa hata mume na mke wanaolala kitanda kimoja hawakuwa wakiutaja ugonjwa huo kwa jina. Leo Uholanzi ina mikutano zaidi ya 200 ya namna hiyo, na mfano wake umeenea Ulaya na Marekani. Nikiutazama mfumo huo naona baraza la pwani: benchi la mawe, kahawa chungu, kashata, watu wa rika tofauti, na mazungumzo yasiyo na haraka. Waholanzi walilazimika kulibuni upya jambo ambalo Unguja, Lamu na Mombasa halijafa. Lililopungua barazani kwetu ni nafasi ya yule ambaye anarudia hadithi yake mara tatu, na nafasi ya wanawake, ambao ndio wengi miongoni mwa wagonjwa na miongoni mwa wanaowaangalia.

Mfano wa pili una utaratibu zaidi, na ndio wenye ushahidi mzito. Mwaka 2003, Aimee Spector na wenzake nchini Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha watu 201 wenye demensia. Waliogawiwa kwenye vikundi walikutana mara mbili kwa wiki, kwa wiki saba, vikao 14 kwa jumla, kila kimoja kama dakika 45, wakifanya shughuli zilizopangwa ili kuuchangamsha ubongo. Kumbukumbu na uwezo wao wa kufikiri viliimarika kuliko wenzao ambao hawakuhudhuria, na ubora wa maisha yao pia. Tangu hapo mbinu hiyo imejaribiwa katika nchi nyingi, mojawapo ikiwa Tanzania, palepale Hai. Stella-Maria Paddick na wenzake waliripoti mwaka 2017 kuwa watu 34 waliopitia vikao hivyo vijijini walipata nafuu katika kumbukumbu, wasiwasi na tabia zinazosumbua nyumbani. Haikuwa kazi ya kunakili tu. Michezo ya karatasi na kalamu iliyotungwa kwa ajili ya wastaafu wa Uingereza isingewafaa wazee ambao wengi wao hawakuwahi kukaa darasani na ambao macho yao yana mtoto wa jicho. Ililazimu mbinu ibadilishwe ifuate maisha yao, na ilipobadilishwa ikafanya kazi.

Inafaa kukitazama kikao kimoja kwa karibu, maana wengi wanaposikia habari za kikundi cha wanaosahau wanafikiria darasa la kuwapima. Watu ni watano hadi wanane, wamekaa kwa duara, kila mmoja anaona uso wa mwenzake. Wanakianza kikao kwa wimbo uleule walioupitisha wenyewe siku ya kwanza, na kikundi kina jina walilolichagua wenyewe. Kiongozi anataja siku, msimu na habari za hapa kijijini: mvua imechelewa, mbunge amepita, bei ya kahawa imepanda. Kisha kinakuja kiini cha siku hiyo, tuseme chakula. Kanuni inayobeba mbinu nzima ni kwamba mtu haulizwi jambo la kukumbuka. Anaulizwa maoni yake. Kiongozi akiinua ndizi na kusema "bibi, hii inaitwaje?", anamwekea mtego, na bibi akikwama mbele za watu hatarudi wiki ijayo. Akiweka mshare na matoke kwenye mkeka na kuuliza, "Bibi, mtori wako wewe ungeupika kwa ipi?", hawezi kukosea, maana hilo ni lake. Kule Kilwa swali lingekuwa kati ya changu na nguru, yupi wa kupaka. Mzee aliyekuwa kimya tangu asubuhi anaanza kubishana, mwenzake anamkatalia, mtu anacheka, na ule ubishi wenyewe ndio kazi iliyokusudiwa, kwa sababu kubishana kunahitaji kusikiliza, kulinganisha, kutafuta neno na kumkabili mtu.

Sasa nijibu pingamizi, na nianze na lililo zito. Je, mambo haya yanaponya? Hayaponyi. Mapitio ya mtandao wa Cochrane ya mwaka 2023, yaliyokusanya majaribio 37 ya aina hii, yalionyesha faida ndogo ya wastani katika kumbukumbu na fikra, ambayo watafiti waliilinganisha na kuuchelewesha ugonjwa kwa takriban miezi sita. Waliokutana mara mbili kwa wiki au zaidi walinufaika kuliko waliokutana mara moja. Miezi sita inaweza kuonekana kidogo kwa asiyeishi na mgonjwa. Ni miezi sita zaidi ya mama kumjua mwanawe, kwenda chooni mwenyewe, kuchagua nguo ya kuvaa Idi au Krismasi. Tuilinganishe na dawa. Lecanemab, iliyoidhinishwa kikamilifu nchini Marekani Julai 2023, ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27 katika jaribio la miezi 18, kwa wagonjwa wa hatua za mwanzo tu. Bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni 60 za Tanzania, na ilipoidhinishwa ilitakiwa itolewe kwa dripu kila wiki mbili huku ubongo ukipigwa picha mara kwa mara kuhakikisha hauvimbi wala kuvuja damu. Sisemi dawa hizi hazina maana; siku zikishuka bei tuzipokee kwa mikono miwili. Nasema kwamba nafuu ya kikundi inapatikana leo, katika kijiji ambacho hospitali yenye kipimo hicho cha ubongo iko umbali wa siku nzima kwa basi, na haina madhara ya kumvujisha mtu damu.

Lakini anayeunga mkono vikundi hana budi kusema ukweli wote. Si kila kukutana kunasaidia. Uingereza ilifanya jaribio kubwa lililoitwa REMCARE, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2012. Jozi 488 za wagonjwa na ndugu zao zilihusishwa, na waliopangiwa vikundi walikutana ili kukumbushana maisha ya zamani kwa pamoja. Kwa ujumla wagonjwa hawakuonyesha nafuu iliyotarajiwa, na wale wanaowaangalia walionekana kuongezewa wasiwasi. Somo ninalolipata hapo ni kwamba nia njema haitoshi na kumbukumbu za zamani pekee si dawa. Mke anayekaa pembeni ya mumewe kwa saa mbili, akimwona anavyoshindwa kukumbuka siku waliyofunga ndoa, anaweza kurudi nyumbani na mzigo mzito kuliko aliokuja nao. Kwa hiyo kikundi kizuri kinawatenganisha kwa sehemu ya muda: wagonjwa wanaendelea na shughuli yao kwenye mkeka, na wanaowaangalia wanakaa kivyao, pengine chini ya mwembe hatua ishirini kando, wakisema yale wasiyoweza kuyasema mbele ya mgonjwa. Baadaye wote wanakunywa uji pamoja.

Pingamizi la pili ndilo ninalolisikia likisemwa kwa fahari: sisi Waafrika hatuna haja na vikundi, mzee wetu anatunzwa na familia yake. Naliheshimu, kwa kuwa ni kweli kwamba familia ndizo zinazobeba kazi yote. Swali ni familia hiyo ni nani. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 70 ya saa za kuwaangalia watu wenye demensia hutolewa na wanawake, na kwamba ndugu na marafiki hutumia kwa wastani saa tano kwa siku katika kazi hiyo. Tukisema "familia" tunamaanisha binti aliyeacha genge lake la mbogamboga, mkwe asiyeulizwa kama anaweza, au mjukuu aliyekatishwa shule. Kaka zake wako Dar es Salaam, Nairobi au Muscat, wanatuma fedha kwa simu na kuuliza mama anaendeleaje. Kikundi hakimnyang'anyi binti huyo wajibu wake wala thawabu zake. Kinampa saa mbili, mara mbili kwa wiki, za kukaa na wengine wanaojua maana ya kuamshwa saa nane za usiku na mzee anayetaka kwenda shambani. Anayelipinga hilo kwa jina la mila aeleze ni mila gani iliyowahi kumwachia mtu mmoja peke yake msiba wa miaka minane. Hata kuzika tunazikana kwa vikundi.

Lipo pingamizi la aibu: familia gani itamtoa mzee wake hadharani ijulikane kuwa akili zimemruka? Hili linanigusa kuliko yote, kwa sababu kwetu kuna sehemu ambako kutojulikana kwa ugonjwa huu kunaua. Usukumani, wanawake wazee waliuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine macho yao yakiwa mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa kuni na samadi. Kilifi, wazee wamekuwa wakiuawa kwa tuhuma hizohizo, mara nyingi nyuma yake kukiwa na ugomvi wa ardhi. Oktoba 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na kundi la watu waliowaita wachawi. Sidai kwamba kila mzee anayetuhumiwa ana demensia. Lakini mtazame mtu mwenye demensia kwa jicho la jirani asiyejua: anatoka usiku wa manane, anakutwa uani kwa watu akiwa nusu uchi, anaongea na marehemu, anamtaja mtoto wa jirani kwa jina la mtu aliyekufa. Katika kijiji chenye woga, huo ni ushahidi tosha. Mzee huyohuyo akijulikana kuwa ni mwanachama wa kikundi kinachokutana kila Jumanne kwenye ofisi ya kijiji, na majirani wakiwa wameelezwa na mwenyekiti ugonjwa wake ni upi, akikutwa uani usiku atashikwa mkono arudishwe kwao. Kumficha kunailinda heshima ya nyumba kwa muda. Kumtambulisha kunaulinda uhai wake.

Wengine wanasema mfano wangu wa UKIMWI haukai sawa. Mtu mwenye virusi anaweza kujieleza, kujitetea na kuongoza wenzake, ilhali huyu anapoteza kile kile kitakachomwezesha kuzungumza. Ni pingamizi la haki kwa hatua za mwisho za ugonjwa, na kwa hatua hizo kikundi hakifai tena. Panahitajika uuguzi wa kitandani na majirani wanaopishana zamu. Lakini ugonjwa huu unakwenda miaka, na hatua ya mwanzo ni ndefu. Uskoti ina kikundi kilichoanzishwa mwaka 2002 na James McKillop, ambacho wanachama wake wote ni watu waliothibitishwa kuwa na demensia, nacho kimekuwa kikikaa na serikali kudai huduma. Christine Bryden wa Australia aligunduliwa mwaka 1995 akiwa na umri wa miaka 46, na baada ya hapo akaandika vitabu na kuhutubia mikutano ya kimataifa. Sisi tunakosea kwa kumnyamazisha mtu mapema mno. Anasahau jina la mgeni, tunamwondoa kwenye kikao cha mirathi ya shamba lake mwenyewe. Angeulizwa wakati bado anaweza kusema ni nani angependa amwogeshe, wapi angependa kuishi na shamba ligawiwe vipi, ugomvi mwingi wa makaburini ungekoma.

Linabaki suala la fedha, na la watu wa kuifanya kazi. Hapa ndipo ninapoona tumejaliwa kuliko tunavyojua. Tanzania ina mabaraza ya wazee kuanzia vijijini. Ina VICOBA, vikundi vya kufa na kuzikana, jumuiya ndogondogo za Kikatoliki, vyama vya akina mama wa Kiprotestanti na darsa za misikitini. Kenya ina vyama kila mtaa. Januari 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa kuwafunza na kuwalipa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano, na miezi michache kabla, Kenya ilikuwa imewapa vifaa wahudumu wake zaidi ya 100,000. Hawa ndio wanaobisha hodi nyumba kwa nyumba. Wakifundishwa maswali machache ya kumtambua mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu, na namna ya kukiongoza kikao kama kile cha ndizi, kazi imeanza. Zanzibar imekuwa ikitoa pensheni jamii kwa kila mzee wa miaka 70 tangu Aprili 2016, maana yake masheha wanawajua wazee wao kwa majina. Kenya nayo inao mpango wa Inua Jamii kwa umri huohuo. Nairobi lipo shirika lililoanzishwa na Elizabeth Mutunga, ambaye baba yake aliugua ugonjwa huu, linalowakutanisha wanaowaangalia wagonjwa. Na anayetilia shaka uwezo wa watu wa kawaida kuifanya kazi ya afya ya akili aitazame Zimbabwe, ambako daktari Dixon Chibanda aliwafunza mabibi mwaka 2006 kukaa benchini na watu wenye sonona. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha waliohudumiwa na mabibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Ninachokihofia zaidi ya ukosefu wa fedha ni fedha nyingi za ghafla. Tumeviona vikundi vilivyozaliwa na mradi, vikala posho za semina, vikafa siku gari la mradi lilipoondoka. Kikundi cha wanaopoteza kumbukumbu kikianza kwa posho, kitakwisha kwa posho. Mahitaji yake halisi ni mkeka, viti vyenye egemeo, choo cha karibu kisicho na ngazi, sufuria ya uji, na nauli ya bajaji kwa wale wasioweza kutembea. Mfuko wa kijamii unaochangiana kwa harusi unaliweza hilo. Serikali inapaswa kutoa kile ambacho jirani hawezi: mwuguzi wa zahanati atakayefika angalau mara moja kwa mwezi kupima shinikizo la damu, sukari, macho na masikio, na kumpeleka hospitali yule ambaye kusahau kwake kunatokana na jambo linalotibika, kama sonona, tezi ya shingo au upungufu wa vitamini B12. Wapo wanaoitwa wagonjwa wa demensia ambao wangepata nafuu kwa dawa za kawaida, na bila mwuguzi huyo hawatajulikana kamwe.

Kwa hiyo ombi langu halielekezwi kwanza wizarani. Linaelekezwa kwa katibu wa jumuiya, imamu, mchungaji, mweka hazina wa VICOBA, sheha na mwenyekiti wa mtaa anayesoma gazeti hili mwishoni mwa wiki. Kwenye kikao chenu kijacho, baada ya michango na mengineyo, ulizeni swali hili: ni mzee gani wetu ambaye hatujamwona kwa miezi mitatu, na kwa nini? Andikeni majina. Wakifika watano, mnao watu wa kutosha kuanza kikundi, na Jumanne ya wiki ijayo si mapema mno.